Wazee wanakuja Mwanza: niwapeleke wapi wakale samaki?

Swali: "Habari za kazi, kaka. Nimehamishiwa Mwanza kikazi mwaka huu nikitokea Iringa, naishi Buswelu. Wazazi wangu wanakuja kunitembelea mwezi ujao, wote wamepita miaka 70, na mdogo wangu wa kiume anawasindikiza. Baba ameomba kitu kimoja tu: ale samaki wa ziwa akiwa ziwani. Tatizo ni kwamba nimeshakwenda sehemu mbili zenye jina kubwa, kando ya maji, usiku, na wenzangu wa ofisini. Zote mbili sato alichukua zaidi ya saa nzima, akaja mkavu, na bili ikaja vipande vipande na vitu ambavyo sikujua kama vinalipiwa kivyake. Naogopa kuwaaibisha wazee. Watu wa Mwanza wenyewe wanakula wapi? Na je, ni kweli sato wa siku hizi ni wa kufugwa?"

Jibu:

Dada yangu, karibu Mwanza, na wazee wako karibu sana. Nimepika katika majiko ya hoteli na ya baa za mji huu, sasa nafundisha vijana upishi, na swali lako ni lile ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote. Nitakujibu kwa msimamo. Sikutajii orodha ya majina, maana majina hayatakusaidia: jiko likibadilisha mpangaji, bango linabaki pale pale na ladha imeshaondoka. Samaki mzuri hapa anategemea saa uliyokwenda, namna alivyopikwa, na kama ulimwona akiwa mbichi. Kwa hiyo wapeleke wazee mchana. Waagizie samaki wa kuchemsha, na mmoja wa samaki hao awe sangara. Mandhari ya ziwa wayafaidi jioni, mahali pengine, wakiwa wameshashiba.

Nianze na kilichompata sato wako, maana ukikielewa hicho hutadanganyika tena. Baa na bustani nyingi za Mwanza, hata zile kubwa za kando ya maji, hazimiliki jiko lao. Mwenye baa anauza vinywaji. Jiko amempangisha mtu mwingine, ambaye analipa kodi, anaajiri wachomaji wake na ananunua samaki asubuhi kwa fedha yake mwenyewe. Ndiyo sababu bili ilikuja vipande vipande, na ndiyo sababu mhudumu aliyekuletea soda hakuweza kukujibu lolote kuhusu samaki. Mwenye jiko ana hofu moja kila siku, nayo ni kulala na samaki mbichi. Barafu ni gharama, umeme unaweza kukatika, na sato aliyelala siku mbili macho yanazama na mteja anamkataa. Basi ikifika alasiri, samaki waliobaki anawapitisha kwenye mafuta, wanakauka juu, wanapangwa kwenye kabati la vioo au kwenye sinia lililofunikwa neti. Wewe unafika saa mbili usiku na kuagiza, na samaki anarudishwa kwenye mafuta mara ya pili. Nyama ya sato ina mafuta machache, haivumilii moto mara mbili. Unaletewa ngozi ngumu, na ndani nyama imekauka hadi mfupani. Na ile saa nzima ya kusubiri ilipotea kwenye foleni, kwa sababu usiku wa Ijumaa na Jumamosi karai moja na jiko moja la mkaa vinahudumia meza zote za bustani nzima.

Simlaumu sana mwenye jiko. Hasara ya samaki aliyeoza anaibeba peke yake, na wateja wengi wa usiku wamekuja kunywa na kusikiliza muziki, hawamuulizi kitu. Ila wewe una haki ya kumwona samaki kabla hajagusa mafuta, na haki hiyo Mwanza inaheshimika ukiidai kwa upole. Unanyanyuka mezani, unakwenda jikoni, unasema, "Naomba nichague mwenyewe." Jiko lenye samaki wazuri litakufungulia friji kwa furaha. Jiko linaloanza kukuambia kaa tu dada tutakuletea, liage.

Mchana mambo ni tofauti kwa sababu ya safari ya samaki mwenyewe. Mitumbwi ya nyavu inaingia mialoni, yaani ufukweni inakoshushia samaki, alfajiri na asubuhi. Samaki wa Igombe na Kayenze, huko upande wenu wa Ilemela, wanafika mjini kwa pikipiki kabla jua halijawa kali. Wa visiwani, Ukerewe na visiwa vidogo vya jirani, wanakuja ndani ya barafu. Kufikia saa nne asubuhi mama lishe na wenye majiko wameshachagua wa kwao. Kati ya saa sita na saa nane mchana unakuta samaki wa siku hiyo, mkaa mpya, mafuta mapya, na mpishi ambaye bado ana nguvu na moyo wa kazi. Mfanyakazi wa bandarini, dereva wa daladala, mwalimu na karani, wote wanakula samaki wao saa hizo. Watu wa Mwanza wanaoipenda samaki kwa dhati wanaila mchana na ugali, kisha jioni wanakula kitu kingine.

Kwa kuwa baba anataka kulia ziwani kweli, ningewapeleka Igombe. Ni ile barabara inayopita uwanja wa ndege na kuendelea mbele, haina foleni za mjini, na ukifika unaona mwalo unaofanya kazi: mitumbwi imepandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, wachuuzi wanapigania bei. Usiwapeleke wazee kwa kubahatisha. Nenda peke yako Jumamosi moja kabla hawajafika, asubuhi, utembelee vibanda vya chakula na uzungumze na akina mama wanaopika. Tafuta vitu vinne ambavyo kijana havioni lakini mzee wa miaka 70 anavihisi papo hapo: kivuli cha kweli, kiti chenye mgongo, choo kisicho mbali, na maji ya kunawa yanayotiririka pamoja na sabuni. Ukimpata mama mwenye hivyo, chukua namba yake ya simu. Siku moja kabla mpigie, mwambie mko wanne, mna wazee, mtafika saa sita na nusu, na unataka samaki gani. Mpishi aliyejulishwa jana yake anakwenda mwaloni akiwa na wewe kichwani. Tofauti utaiona kwenye sahani, na hutasubiri.

Upande wa pili wa mji, Luchelele na Malimbe karibu na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, nako kuna utulivu na maji karibu, na ni rahisi kama wazee watashukia Stendi ya Nyegezi. Mwaloni Kirumba ni suala jingine. Ni soko kubwa la samaki wakavu, linalouza hadi Kongo, Burundi na Rwanda, na vibanda vya mama lishe vilivyoko pale vinalisha wapagazi na wafanyabiashara wanaojua samaki kuliko mtu yeyote mjini. Chakula ni kizuri mno. Lakini sakafu ina maji, mikokoteni haikusubiri upite, na harufu ya dagaa ni nzito kwa asiyeizoea. Mpeleke mdogo wako, wazee waache wapumzike nyumbani.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Samaki mbichi mzuri ana macho yaliyojaa na yanayong'aa. Fungua mashavu: ndani pawe pekundu kweli, pasiwe kahawia wala pasiwe na ute mzito. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Nusa, samaki mpya ananuka ziwa, hananuki samaki. Halafu angalia urefu. Sheria zetu zinakataza sato wa chini ya sentimita 25 na sangara wa chini ya sentimita 50, kwa sababu wadogo kuliko hapo hawajapata nafasi ya kuzaliana. Ukiletewa sato wawili wadogo badala ya mmoja wa kueleweka, wakatae hata kama bei inavutia. Nasema hili kwa uchungu. Nimeona ukubwa wa samaki kwenye masinia ya mji huu ukipungua mwaka hadi mwaka, na kila anayewanunua wadogo anamlipa mvuvi aendelee kuwavua.

Ukishamchagua, mwambie mama akupikie chukuchuku. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, maana mgeni akija Mwanza kila mtu anamkimbizia sato wa kukaanga au wa kuchoma ndani ya foili. Foili nayo mara nyingi ni mvuke tu wenye mafuta mengi, hoho na karoti. Samaki anapotea mle ndani. Chukuchuku ni samaki, maji kidogo yasiyomfunika, chumvi, kitunguu, nyanya zilizoiva, ndimu, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa inayoelea juu ikitoa harufu bila kuwasha. Moto wa wastani, mfuniko juu, wala hakuna kukoroga. Sufuria linatikiswa kidogo tu ili samaki asivunjike. Kwa sato wa kawaida dakika 15 hadi 20 zinatosha. Hakuna kiungo cha dukani kinachohitajika, na ukiona mpishi anafungua pakiti ya unga wa mchuzi, mzuie. Namtetea chukuchuku kwa sababu nyingine pia: samaki aliyelala hawezi kujificha ndani yake. Mafuta ya moto yanafunika uzee wa samaki, maji hayafuniki. Mpishi anayekubali kukuchemshia bila kusitasita ameshakuambia samaki wake ni wa lini. Na kwa wazee, nyama laini yenye supu inafaa meno na inafaa tumbo. Kama mmoja wao ana shinikizo la damu, mama aweke chumvi kidogo na ndimu zaidi.

Kuhusu sangara nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu wenzako wa ofisini watakucheka. Hapa sato ni heshima na sangara ni samaki wa kiwandani. Dharau hiyo ina historia inayouma. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, akala furu, samaki wadogo wa asili wa aina nyingi ambao wazee wa huku walikua wakiwala. Kisha vikaja viwanda vya minofu. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na vichwa na mifupa iliyobaki, mapanki, ikauzwa kwa watu wa hapa, ikaanikwa juani na kukaangwa. Familia nyingi zililelewa kwa mapanki. Hadi leo mtu akikuona unakula kichwa cha sangara anadhani mfuko wako umekauka. Huwa inanisikitisha, maana kichwa cha sangara mzima, aliyevuliwa asubuhi, hakifanani hata kidogo na kile kilichokaa kiwandani baada ya nyama yake kuondoka. Mashavu yake yana nyama nene na tamu, shingo ina mafuta laini, na supu yake inaganda mdomoni. Tena sangara hana miba midogo. Mifupa yake ni mikubwa, inaonekana, inatolewa. Baba mwenye macho ya miaka 70 atakula bila woga, jambo ambalo kwa sato sikuahidi.

Na sato tunayemtukuza naye ni mgeni, aliletwa ziwani katika kipindi hicho hicho cha miaka ya 1950. Jamaa zake wa asili waliokuwapo zamani wamepungua mno. Kwa hiyo tusimbague mmoja kwa ugeni.

Agiza sangara wa kilo mbili hadi tatu, anatosha kwa wanne na anabaki. Usishangae ukikuta tumbo limeshapasuliwa: bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki, limetolewa na kuuzwa kivyake, kwa kuwa soko lake China lina bei inayoishinda nyama kwa mbali. Hilo halimharibu samaki, mradi ndani pawe pasafi na pasinuke. Kichwa na shingo vichemshwe supu, wazee waanze nayo wakiwa wanapiga soga. Vipande vya katikati virostiwe kwa nyanya na kitunguu. Pamoja naye ongeza sato mmoja wa chukuchuku, ili baba asirudi Iringa akiambiwa hakula sato. Wazee wa kwenu wanamjua perege, jamaa wa sato, wa bwawa la Mtera. Mwache alinganishe mwenyewe, ni mazungumzo mazuri ya mezani.

Umeuliza kama sato ni wa kufugwa. Baadhi, ndiyo. Vizimba, yaani nyavu za kufugia samaki ndani ya maji, vimeenea ziwani pande zote za Mwanza miaka ya karibuni, na Serikali yenyewe imevitolea mikopo. Samaki wa kizimba analishwa chakula cha vidonge, hafanyi safari ndefu, kwa hiyo nyama yake ni laini zaidi na ananenepa tumboni. Utamtambua pia kwa kuwa wenzake wote kwenye sinia wanalingana naye, wamevuliwa siku moja kwa kipimo cha sahani. Mimi simkatai. Kwa kuchoma juu ya mkaa ananifurahisha kuliko wa ziwani, kwa sababu mafuta yake yanamlinda asikauke. Kwa chukuchuku namtaka aliyevuliwa kwa nyavu, nyama yake imekaza na supu yake ina ladha. Nisichokubali ni kuuziwa wa kizimba kwa bei na kwa jina la mwingine. Uliza tu, "Huyu wa nyavu au wa kizimba?" Mpishi mkweli atakujibu hapo hapo. Na kama atasema wa kizimba, basi mwambie amchome.

Ugali. Wengi watakuletea sembe jeupe bila kuuliza, na nadhani ni kosa kubwa la migahawa yetu. Samaki wa ziwa hili amekua na ugali wa muhogo, ule wa udaga, muhogo uliovundikwa ukaanikwa na kusagwa. Unavutika, una uchachu kidogo, na unashika mchuzi kuliko sembe. Ukerewe ndio ugali wa kila siku. Wengine wanachanganya muhogo na mtama, unatoka wa rangi ya udongo, mzito, na shibe yake inafika jioni. Agiza wa muhogo kwa ajili ya wote na dona kidogo pembeni kwa mzee atakayeshindwa. Mboga ya majani iwe mgagani uliopikwa kwa maziwa au karanga, ule uchungu wake mdogo unapatana sana na samaki wa kuchemsha, au nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa karanga. Mama yako atataka kujua vinapikwaje, na mpishi atafurahi kuulizwa na mama mwenzake. Mkikuta michembe au matobolwa, agizeni na maziwa ya mgando. Vyote ni viazi vitamu vilivyoanikwa juani. Michembe inakatwa ikiwa mbichi, matobolwa yanachemshwa kwanza. Hivi ndivyo vyakula vya Usukumani ambavyo hoteli za mji huu zilipaswa kuvitangaza kwa fahari, na badala yake zinashindana kwa chipsi.

Chipsi mayai, kuku wa kukaanga, mishkaki ya barabarani: ni vile vile kama Iringa, havihitaji ushauri wangu. Nyama ya ng'ombe ni nzuri, Usukumani ni nchi ya ng'ombe, na supu ya asubuhi na chapati itawapendeza wazee siku watakayoshuka kwenye basi wakiwa wamechoka. Katikati ya mji, mitaa ya zamani ya maduka ambako familia za Kihindi zimefanya biashara tangu enzi za ukoloni, kuna biriani, sambusa na vyakula vya dengu vinavyopikwa na watu waliovirithi. Ukichoka na samaki, nenda huko kabla hujafikiria piza. Hoteli kubwa za Capri Point na za ufukweni Ilemela zina viti vizuri, vyoo visafi na kifungua kinywa cha kutosha. Samaki wao ni salama, hana makosa, na kwa kawaida hana ladha ya mahali popote, kwa sababu amepikwa ili asimchukize mtu yeyote.

Kuhusu fedha, maneno yasemwe samaki akiwa bado mkononi mwako. Bei hapa ni ya saizi, si ya orodha ukutani. "Huyu shilingi ngapi, na ugali, mboga na kachumbari vimo?" Subiri jibu kamili. Jiko likiwa la mtu na vinywaji vya mwingine, lipia kila upande kivyake na omba risiti ya kila upande, bili haitakushangaza tena. Usimbane sana mama lishe akupunguzie bei: amenunua samaki kwa fedha taslimu alfajiri, faida yake kwa sahani ni ndogo, na wewe unataka akukumbuke ukirudi. Kama mpishi amewafurahisha, mpe chochote mkononi yeye mwenyewe jikoni, maana kinachoachwa mezani kinaishia kwa mhudumu.

Baada ya chakula, wazee wapumzike nyumbani. Saa kumi na moja jioni wachukue uwapeleke mjini, kwenye eneo la jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga, au Capri Point kwenye mojawapo ya hoteli zenye bustani inayotazama maji. Pwani yetu inatazama magharibi, jua linazama ziwani mbele yenu. Hapo ndipo pa kulipia mandhari: chai, juisi, karanga. Soda ikiwa ghali kidogo haina ubaya, mnalipia kiti na jua. Mkiletewa menyu ya samaki, rudisheni kwa shukrani. Mdogo wako kama ana nguvu, asubuhi nyingine avuke kwa boti kwenda Saanane, kisiwa kidogo kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ni mwendo mfupi sana kutoka mjini, na huko kuna miamba ya kupanda ambayo wazee hawataiweza.

Jambo la mwisho ni dagaa, na hapa kalenda ya mwezi inahusika. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu. Mbalamwezi ikikolea taa hazina nguvu na wavuvi wa dagaa wanapumzika. Kwa hiyo angalia angani kabla hujapanga tarehe. Wazee wakija wakati wa giza, muagize yule mama wa Igombe sahani ya dagaa wabichi wa kukaanga, wale waliotoka majini usiku huo, wakavu kwa nje na watamu, na ndimu. Ni chakula cha bei ya chini kabisa mezani na huenda ndicho mama atakachokizungumzia Iringa. Wakija mbalamwezi, msiagize dagaa "wabichi", watakaoletwa wamekaa.

Wakavu wa kuondoka nao wanunuliwe Mwaloni Kirumba asubuhi. Uliza waliokaushwa kwenye vichanja, si mchangani; walioanikwa chini wana mchanga ambao hata kuosha mara tatu hauishi, na wengi wao wanakwenda kwenye chakula cha kuku. Chukua kiasi kwenye viganja, sugua, kisha angalia kilichobaki mikononi. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha, anavunjika kwa mlio, na hajageuka manjano. Wakati wa masika nunua kidogo tu, jua linakuwa haba na wengi wanafungwa wakiwa na unyevu. Wafunge kwenye mfuko wa karatasi ndani ya kiroba, usiwafunge kwenye plastiki, watatoa jasho na kuota ukungu kabla basi halijafika Dodoma, na kiroba kiwekwe kwenye buti la basi mbali na injini.